Kasha la magnesi lisitengenezwe kama la alumini

Ndugu Mhariri,

Kompyuta mpakato nyepesi za mitumba zinazouzwa mijini, nyingi zina kasha la aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesi, yaani magnesiamu. Mafundi wengi hulishughulikia kama alumini, na hapo ndipo linapoharibika.

Aloi inayotumika sana, AZ91D, ina alumini takriban asilimia 9 na zinki chini ya asilimia 1. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.8; ya alumini gramu 2.7. Mwaka 2012 kampuni ya NEC ya Japani ilichanganya magnesi na lithi, metali nyepesi zaidi, ikatoa kompyuta ya inchi 13.3 yenye gramu 875. Lakini ukakamavu wa magnesi, yaani uwezo wake wa kutopindika, ni kama theluthi mbili tu ya ule wa alumini, ndiyo maana kiwanda huweka mbavu kwa ndani. Ukizikata ili diski nene ipate nafasi, kasha hulegea na kioo hupasuka.

Sumaku haitambui tofauti ya magnesi na alumini. Kwangua rangi kidogo upande wa ndani, dondosha tone la siki: magnesi hutoa mapovu papo hapo, alumini hutulia. Kisha futa kwa maji na ukaushe.

Pwani, adui ni chumvi. Skrubu ya chuma ikigusa magnesi tupu penye unyevu, magnesi ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu. Usafishe kwa brashi ya plastiki na spiriti. Brashi ya chuma huacha chembe zinazoanzisha ulaji upya. Paka praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga metali), iache ikauke kabisa, ndipo upake rangi. Skrubu za nje ziwekewe washa (vijiduara vya chini ya skrubu) za nailoni, ila zile zinazobeba ethi (muunganisho wa umeme na kasha) ya mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, ziachwe zilivyo, la sivyo utaleta hitilafu nyingine.

Mtumiaji asihofu: kasha zima haliwaki kwa joto la kompyuta. Vumbi lake ndilo hatari, hasa fundi akitumia grainda. Likishika moto usimwagie maji, kwani hutoka hidrojeni. Mtungi wa kabonidaioksaidi nao haufai, maana magnesi huwaka hata ndani ya gesi hiyo. Funika kwa mchanga mkavu. Vumbi lililobaki litiwe kwenye kopo kavu la peke yake, lisichanganywe na vumbi la chuma chenye kutu: mchanganyiko huo ukipata cheche huwaka kwa joto la kuyeyusha chuma.

Fundi wa kompyuta,
Tanga