Kura kwa R, kula kwa L

Nzega, Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi analalamika kuwa simu ilikatika hujamaliza kumwamkia. Tumeanza kuchuma pamba, vidole vimechubuka, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke.

Mdogo wako ameniambia yote. Kwamba ulisimama mkutanoni ukasema "twendeni tukapige kula," ukumbi ukaangua kicheko, ukaketi. Na sasa hugombei tena uwakilishi wa darasa. Mwanangu, mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 26, na hadi leo nikichoka, ubaoni naandika R, mdomoni inatoka L. Wanyamwezi R tuliikuta kwa watu.

Usiku huo nilimkumbuka mama mmoja Mweusi wa Mississippi, Marekani, Fannie Lou Hamer, aliyepigania haki ya kura. Alizaliwa 1917, kitinda mimba wa watoto 20, na wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno. Akiwa na miaka 6, mwenye shamba alimwuliza kama ataweza kuchuma ratili 30, akamwahidi vitu vya dukani, samaki wa kopo na peremende. Akachuma. Wiki iliyofuata akatakiwa alete 60. Shule aliishia darasa la 6.

Ukubwani alipewa kazi ya kuandika saa za vibarua na kupima pamba yao. Mzani wa bosi ulikuwa unapunja, naye inasimuliwa kuwa alikuwa na jiwe lake la mzani: bosi akigeuka, anaweka lake. Hapo nilicheka peke yangu. Unaukumbuka ule msimu niliopima magunia nyumbani, nikafika kule tunakouzia pamba mzani ukasema mengine, nami nikanyamaza kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu? Mimi, mwalimu, nikanyamaza.

Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alipewa mtihani wa katiba, akafelishwa. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na dereva akapigwa faini, eti rangi ya njano ya basi lake imezidi. Kufika nyumbani, mwenye shamba akamtaka afute jina au ahame. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku ule ule akaondoka, baada ya kutumika pale miaka 18.

Juni 1963 polisi walimkamata katika mji wa Winona, akapigwa rumande hadi figo likaharibika. Sitaandika zaidi, mama yako anasoma begani kwangu.

Ninalotaka ulisikie ni la Agosti 1964, Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Mama huyu aliketi mbele ya kamati na kamera za televisheni, akaeleza hayo yote kwa Kiingereza chake cha shambani. Hakukinyoosha ili wasomi wampende. Rais Johnson akaitisha haraka mkutano wa waandishi ili kamera zimhamie yeye. Jioni vituo vikarusha maneno ya Hamer, nchi nzima ikamsikia. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kulinda haki ya kura.

Kura hata kwetu haikuja bure. Hapo Tabora mjini, Januari 1958, TANU walibishana vikali kuhusu ule uchaguzi wa kura tatu, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, Mwafrika mmoja, wenye masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Babu yako na jembe lake asingepenya.

Baadaye Hamer alianzisha ushirika wa shamba, na ndani yake benki ya nguruwe: familia inachukua jike, likizaa inarejesha ili na jirani apate. Yaani kopa nguruwe lipa nguruwe, kama hapa tulivyokopeshana mbuzi. Alifariki 1977, na mimi nampenda zaidi kwa hao nguruwe kuliko kwa hotuba.

Fomu ya kugombea inafungwa lini? Nijulishe, nikutumie hela ya kuchapisha karatasi. Michembe na karanga nimempa kondakta wa basi la kesho, kaupokee mfuko stendi. Wagawie na wale waliokucheka. Hiyo ni ya kula, kwa L.

Baba yako