Barua kwa mwanangu: mfuniko wa pipa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mtoni hatujambo. Baba yako goti linamsumbua lakini msikitini anafika. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatusemezani. Kila nikilikaribia neno langu Doto anakunyang'anya simu, ananiamkia, nami nikisikia "shikamoo bibi" nasahau yote. Kulwa naye anataka zamu yake, wanagombana, simu inaanguka, na ndio mwisho wa mazungumzo.

Nataka kujua mfuniko wa pipa la maji uko wapi.

Ile video uliyotutumia tumeitazama nyumba nzima. Shangazi yako amecheka mpaka kanga ikamdondoka. Kulwa kashika usukani, kanuna kama dereva ambaye hesabu ya tajiri haijatimia, na Doto ananing'inia kwenye mlango usiokuwepo: "Mbagala, Mbagala! Nyuma kweupe mama, sogea!" Alipomdai dada wa kazi nauli, akapewa visoda viwili, akavihesabu, akasema havitoshi, mimi nilitoa machozi. Baba yako kaomba irudiwe. Tulipoirudia nikaacha kuwatazama watoto. Usukani wa Kulwa ni mfuniko wa pipa. Pipa lenyewe liko nyuma yao, wazi, na viti vya plastiki mmevipanga kuwa daladala mpaka ubavuni mwake. Kiti cha abiria wa mwisho kinaligusa. Hiyo ni ngazi, mwanangu. Mmewajengea ngazi ya kupandia kwenye pipa la lita 200.

Nilikupigia usiku uleule ukaniambia, "Mama, watoto wamelala." Najua walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa naulizia asubuhi yake.

Usidhani nimezeeka nikawa mwoga. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na kuna vilio vya akina mama ambavyo sikuwahi kuvileta nyumbani. Mtoto wa umri wa hao wako kichwa chake ni kizito kwa mwili alio nao. Akiinama kwenye ndoo kutafuta kijiko kilichozama, miguu inanyanyuka, na mikono haina nguvu ya kumrudisha juu. Hapigi kelele. Watu wanadhani watasikia maji yakirushwa, watasikia "mama". Mdomo ulio ndani ya maji haumwiti mtu. Na si lazima liwe pipa. Beseni la kufulia lenye maji ya kina cha vidole vichache linatosha, na muda wenyewe ni ule wa kwenda mlangoni kuchagua mchicha na kungoja chenji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Watu wakisikia hivyo wanawaza bahari, wanawaza mashua. Mimi nawaza mabafu ya Temeke.

Tena wako ni pacha, na pacha wana hatari yao ambayo wenye mtoto mmoja hawaijui. Doto ana sauti. Akipaza sauti yake nyumba nzima inajua watoto wapo, na kila mtu anaendelea na kazi yake. Lakini aliyesikika ni mmoja. Mnasikia mmoja, mnahesabu wawili.

Unaikumbuka khitma ya bibi yako mdogo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia jinsi Doto alivyokatiza dua kwa "Shusha hapo, shusha!" mpaka shehe mwenyewe akajiziba mdomo kwa kanzu. Watu wanaisimulia hadi leo. Ambacho hukukiona, maana ulikuwa uani unapakua pilau, ni kwamba wakati kila mtu anamcheka Doto nilitafuta kichwa cha pili sikukiona. Nilimkuta Kulwa bafuni, kwenye ndoo ya maji ya kutawadhia, mikono imezama mpaka mabegani na kidevu kinagusa maji. Alikuwa anavua kofia ya baba yake. Kimya kabisa. Nilimtoa nikambadilisha shati, nikarudi kukaa mkekani na watu wakanipa sahani. Sikukwambia. Siku ile haikuwa siku ya kusema.

Basi ukiona nakuuliza habari za mfuniko mara ya tatu kwa wiki, usiniambie wasiwasi umezidi.

Na sasa mnakwenda Dodoma. Tangu mwaka 1973 tunaambiwa serikali inahamia Dodoma, baba yako alikuwa akisema sisi hatutaiona. Imehama kweli, na imeondoka na mwanetu. Nimefurahi, nisikufiche. Barua yako ya uhamisho baba yako ameisoma kwa sauti barazani wakati hakuna aliyemwomba, na majirani wote sasa wanajua cheo chako kwa kirefu chake. Ulisoma kwa taa ya chemli, leo una ofisi wizarani. Wanaosema ulipata kwa bahati hawakuona madaftari yako.

Ila Dodoma ni kukavu. Huku kwetu tuna vuli na masika, huko mvua zao ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Maeneo mengi maji ni ya mgao. Maana yake ni kwamba siku yakitoka utajaza kila chombo ulicho nacho, pipa, ndoo, madumu, mabeseni, hadi sufuria ya pilau. Hapa Dar ulikuwa na pipa moja la kuchunga, kule utakuwa na vyombo saba. Fanya hivi: maji mengi yakae kwenye madumu yenye kizibo cha kusokota, yale ya lita 20, mtoto hawezi kutumbukia kwenye dumu. Pipa likae nje ya njia yao, na juu yake pawe na mfuniko wa kubana, si ubao, si sinia. Ndoo ikishatumika inamwagwa na kufudikizwa papo hapo. Mlango wa bafu uwekewe komeo juu, mahali ambapo hata akipanda kwenye kiti hafiki. Komeo ni kitu cha bei ndogo, na kabla ya kupanga makochi hilo ndilo liwe la kwanza kupigwa misumari. Mwambie mume wako alifunge mwenyewe, asingoje fundi.

Siombei litokee, lakini ulijue: mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumbana tumbo, nimewaona watu wakifanya hivyo na kupoteza muda wote. Alazwe chali mahali pagumu, apuliziwe pumzi mdomoni huku pua imebanwa, akandamizwe kifua katikati, na watu waite gari huku nyinyi mnaendelea bila kuacha. Njoo Alhamisi nikuonyeshe kwa mikono. Dada naye aje.

Kuhusu dada. Ni binti mzuri, ana heshima, na watoto wanampenda. Lakini anafua, anapika, anakwenda dukani, na hapohapo anaangalia watu wawili wanaokimbilia pande mbili tofauti. Unamlaumu kwa siku ile Doto alipotumbukiza ndala ya mwenye nyumba kwenye sufuria ya maharage, lakini dada alikuwa na mikono mingapi saa hiyo? Kama ni lazima nguo zifuliwe, zifuliwe watoto wakiwa wamelala, au Jumamosi wewe ukiwepo. Na umwongeze mshahara. Kupandishwa kwako cheo kumfikie na yeye.

Halafu hizi video. Mimi nazipenda, nazirudia usiku baba yako akilala. Ile ya Kulwa kujipaka unga wa sembe mwili mzima na kusema yeye ni "mzungu wa Feri" nimemwonyesha mpaka muuza vitumbua. Lakini naona unashika simu kwanza, mtoto baadaye. Siku Doto alipojitia choroko puani, video ina dakika nzima kabla mkono wako haujaingia kwenye picha. Dakika nzima, mama. Na kile kijiti ulichotaka kuitolea ningekuwepo ningekunyang'anya, maana kijiti kinasukuma choroko ndani zaidi. Mtoto apelekwe zahanati.

Mafuta ya taa usiyaweke kwenye chupa ya soda, hilo nililisema kabla hawajazaliwa. Akinywa, asitapishwe kabisa. Kimbilia hospitali na chupa mkononi.

Safari yenyewe hainitishi sana. Treni ya umeme inafika Dodoma kwa muda kama wa saa nne, sisi tulizoea basi la kutwa nzima. Fika stesheni mapema maana wana ukaguzi wa mizigo, na Doto atataka kuikagua mizigo ya watu pamoja nao. Baada ya Kilosa kuna mahandaki, nje kunakuwa giza ghafla. Kulwa haogopi kingine chochote duniani ila giza, basi umpakate kabla hamjaingia, usingoje alie. Watatangaza "Kituo kinachofuata", na wewe unajua konda wako atajibu nini. Mwacheni ajibu. Abiria watacheka, ni watoto. Lakini mmoja wenu macho yake yawe kwa Kulwa. Wewe na mume wako mgawane tangu nyumbani, mmoja ana Doto, mwingine ana Kulwa, na mkibadilishana mwambizane kwa mdomo: "Kulwa ni wako sasa." Si kwa kukonyezana. Tulipokabidhiana zamu wodini tulitaja kila mtoto, kitanda kwa kitanda, hata kama tumechoka namna gani.

Jambo ambalo nilitaka usikie mapema ni hili: nilikwenda mitaa ya Gerezani kwa wale wauza vipuri, nikawanunulia usukani wa kweli wa gari, mtumba, na fundi ameukalishia kwenye kibao ili usimame wenyewe. Ni wa gari dogo, lakini hawatajua. Hauna honi, Doto atakuwa honi. Kwa hiyo hakuna tena sababu ya mfuniko kukaa kibarazani. Wakikabidhiwa usukani, mfuniko urudi kwenye pipa siku hiyohiyo, na kama umeshapinda kwa kukaliwa niambie nitafute mwingine Kariakoo kabla hamjafunga mizigo. Pima upana wa mdomo wa pipa kwa kamba, uifunge fundo, unipe kamba.

Wadhifa wako mpya utakuchelewesha jioni, najua. Nami zamu za usiku nilizifanya, na waliokulea usiku huo walikuwa majirani wa Mtoni, Mungu awalipe, wengine wao walikuwa wachovu kuliko mimi. Ulikua. Sitaki mjukuu wangu naye akue hivyo tu, kwa kuponea.

Nimekukaangia vibua vya Feri, vimekauka vizuri, vitafika. Nazi nimeweka kumi, kule nazi ni ghali na hazina tui. Ukipata zabibu za msimu mtume mtu na kiasi kidogo, baba yako amezitaja mara nyingi mno kwa mtu asiyejali chakula. Blanketi zito lile la kijani chukua, Dodoma mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi ambayo watoto wa Dar hawaijui, na kadi zao za kliniki ziweke kwenye mkoba wako wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Ukifika, kabla ya wiki kuisha, uulize zahanati ya karibu iko wapi na inafunga saa ngapi.

Mtungi wa gesi usiuuze kwa yule jirani yako, bei aliyotaja ni ya dharau. Ulete hapa, wetu unavuja kwenye kichwa na nimeshaufungia nje. Hela ya kikoba ya mwezi huu nimekulipia, utanirudishia ukipata posho ya uhamisho, usijibane. Mwenye nyumba wako anatakiwa akurudishie kodi ya miezi miwili iliyobaki. Mume wako ni mpole, atasema yaishe. Nenda wewe. Na ufunguo wa kabati la vyombo uliuchukua siku ya Idi, haujarudi. Baba yako amekunywa chai kwa kikombe cha plastiki tangu siku hiyo.

Nakungoja Alhamisi, wewe na dada, na hao wawili.

Mama yako,
Mtoni, Dar es Salaam