Barua kwa Mwanangu: Hela za Vigae Zimelala Chini ya Sakafu

Mwanangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Mingoyo wazima, magoti ya bibi yako ni yale yale, mdogo wako kafungua shule. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu maneno haya hayafiki mwisho. Nikitaja kifusi tu, wewe unashusha pumzi, mimi nasahau nilichotaka kusema, na vocha inakwisha.

Nianze na lenyewe. Hela za vigae ulizotuma mwezi wa saba hazikununua kigae hata kimoja. Zimekuwa kifusi, tripu 14 za tipa, na saruji ya kukizuia kisitoroke. Ulipoona picha uliuliza, "Mama, mbona nyumba ni ile ile, imepanda tu?" Imepanda tu, baba. Ndiyo kazi yenyewe.

Usiku ule wa mafuriko hukuwepo, kwa hiyo sikulaumu. Mto wetu huu wa Lukuledi haungoji mvua ya hapa. Inyeshe Masasi na Nachingwea, sisi huku tumeanika mpunga juani, na kesho yake maji yako mlangoni. Yakifika wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, kule ghubani Lindi haiyapokei, basi yanarudi kutulalia. Tulipandisha magunia kitandani, bibi yako tukamweka juu ya meza na mtungi wake wa maji ya kunywa. Alikaa pale kama bibi harusi, anatusimulia tufani iliyoipiga Lindi mwaka 1952, na kila tulipohamisha kitu anasema hicho watu wa wakati ule wangekiacha.

Asubuhi vyumba vya nyuma, vile vya miti na udongo, vilikuwa vimeyeyuka kuanzia magotini kushuka. Fito zimebaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Vyumba viwili vya mbele, vya mawe na chokaa alivyojenga babu yako, vimesimama, na mstari wa matope umepita ukuta mzima, umenyooka utadhani kauchora fundi.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliutazama ule mstari akasema, "Mama, tunyanyue kozi mbili za tofali, tupige plasta ya saruji, umemaliza. Mvua za hivi haziji kila mwaka." Nikamhesabia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth tulitahadharishwa sisi wa kusini, kikaenda kuangukia Msumbiji. Januari 2020 wenzetu wa Kilwa walizolewa na mafuriko. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, nondo na bati zikakwama njiani. Haziji kila mwaka, kweli, lakini njia zimeshaijua. Nikamlipa nauli yake akaenda.

Wa pili, mzee mmoja wa Mikindani, hakusema kitu kwanza. Alitoa mpira mrefu wa maji, ule unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akampa mdogo wako ashike ncha moja kwenye mstari wa matope, yeye akazunguka nyumba nzima na ncha nyingine akitia alama kwa mkaa. Maji ndani ya mpira yalikuwa yanamwonyesha mafuriko yalipofika kila pembe, mpaka kwenye mwembe. Sentimita 68 juu ya sakafu ya zamani. Akaongeza 30. Nikamuuliza hizo za nini, akajibu, "Mto haujaniapia." Basi tukasema mita moja, tusibishane na sentimita mbili.

Sasa fikiri, mwanangu. Sakafu ikipanda mita moja ndani ya kuta za babu yako, dari inakugonga kichwa. Kwa hiyo paa lilishuka lote. Juu ya mawe ya zamani tukamwaga mkanda wa zege wenye nondo, uzifunge kuta zote nne pamoja, ndipo zikaenda kozi nne za tofali za inchi 6, milango na madirisha nayo yakapandishwa. Mbao za mninga za kenchi tumezirudisha zile zile, zimetoa harufu kama za jana.

Chini ndiko kulikokula hela. Kifusi ukikimwaga tu ndani kinasukuma kuta kwenda nje, na chokaa ya babu haikujengwa kubeba mzigo wa ubavuni. Mzee akajenga kwanza ukuta mwingine wa tofali kwa ndani, akaweka nailoni kati yake na mawe, ndipo kifusi kikaingia, shubiri moja moja, kinamwagiwa maji na kushindiliwa. Vijana walitengeneza vishindilio vyao kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na mti katikati. Wiki mbili nilisikia du, du, du, mpaka usingizini. Siku moja walitaka kuruka, waweke shubiri tatu kwa mpigo kwa sababu ya mechi jioni. Nilikaa na kiti changu katikati ya kifusi, nikachambua mchicha pale pale mpaka walipochoka kunisubiri.

Plasta ya saruji mbele tumeikataa. Mzee anasema ukuta wa mawe ya matumbawe umejaa chumvi na lazima upumue. Ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, na baada ya miaka michache unamenyuka wenyewe. Tumepaka chokaa. Najua hupendi, unasema inachafua mashati. Basi usiegemee.

Nyuma ndiko tulikoongeza: vyumba vitatu, jiko, na baraza. Hapo mjomba wako alikuja kukaa kikao, maana kiwanja hiki ni cha upande wetu na neno ni lake. Alikubali vyumba, akabishia baraza, kwa nini liwe juu ya nguzo, chini wazi, wakati tungepata stoo ya bure. Nilimwambia chini ya baraza ni pa maji. Yakija yanapita, yanakwenda zake kwenye mpunga. Tukipaziba yatagonga yapite kwa nguvu, na stoo yenyewe itakuwa ya kuhifadhia matope. Alinyamaza. Sijui kama alikubali au alikuwa ameona wali unaletwa.

Soketi zote ziko usawa wa kifua, utaona ni kituko, lakini zoea. Mdomo wa kisima na wa karo la choo tumeupandisha pia, maana usiku ule kilichotutia ugonjwa hakikuwa mto, kilikuwa choo.

Mbele kuna ngazi sita. Bibi yako alizihesabu akasema tumemjengea msikiti. Ikabidi uwepo mteremko wa pembeni, mita 10 unazunguka mwembe, kwa sababu ukiwa mfupi ni mkali na fimbo yake inateleza. Hizo nazo ni hela za vigae. Jana kapanda na kushuka mara tatu, ati anatafuta kuku.

Umeniuliza kwa nini tusihame tu, twende shambani kwenye mikorosho, kule juu maji hayafiki. Nimelifikiria zaidi yako. Kule maji hayafiki ya mafuriko wala ya kunywa, mpunga uko huku bondeni, barabara ya magari iko huku, na bibi yako hahami. Lakini sikudanganyi: hii mita moja ni ya mafuriko tuliyoyaona. Yakija yasiyoonekana bado, tutabeba godoro na kupanda mlimani kama watu wengine. Kwa hiyo kile kiwanja cha huko, ambacho nasikia umeanza kumtajia mtu bei, usikiuze.

Chumba chako ni cha mwisho kulia, dirisha linatazama mwembe. Mstari wa matope sikuwaruhusu waufiche wote. Kipande kimebaki wazi nje kwenye mawe ya mbele, pale chokaa mpya inapoishia, urefu wa futi mbili hivi. Sasa uko chini ya sakafu. Ukija utainama kuuona.

Madirisha mawili ya nyuma bado yana maturubai, na msimu wa mvua unakaribia. Fundi wa fremu anataka nusu kabla ya kuanza. Tuma hizo. Vigae tutazungumza mwakani.

Mama yako