Radhi niliyoichelewesha

Bweni, Pangani
Desemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako yupo, anakula, analala. Barua hii naiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la hesabu la mwanao lililobaki kurasa, na akirudi madrasa ataipiga picha akurushie. Sikutaka kukutumia sauti ya WhatsApp kama siku zote. Ninayotaka kukwambia, nikiyasema kwa mdomo nitalia katikati, na wewe utakata simu ulie peke yako huko Maskati.

Utakumbuka kwamba Januari ulipoondoka sikuja kivukoni. Nilisema mgongo unaniuma. Mwanangu, mgongo haukuwa unauma. Nilikaa chumbani nikasikia pantoni ikipiga honi, kisha nikamsikia mwanao mdogo akilia njia nzima wakati wifi yako anamrudisha nyumbani, na sikutoka kumpokea. Nilikuwa na hasira. Usiku ule ulipokuwa unafunga begi nilikuuliza ni mama gani anayeacha wanawe akaoshe vyombo vya watu. Hukunijibu. Ulikunja kanga zako mbili, ukazipanga, ukafunga zipu. Maneno yale yamenikaa kooni mwaka mzima.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumba, maana kwenye simu tunaulizana hali na pesa, kisha salio linakwisha.

Tuko saba katika vyumba vitatu: bibi yako, mimi, kaka yako na wifi yako, wanao wawili, na huyu mgeni aliyezaliwa Julai. Ukipita ukumbini usiku unaruka miguu ya watu. Masika ya mwaka huu haikuwa ya mchezo. Ramadhani iliingia Machi na mvua ikaja nayo, kuni zikalowa mpaka zikaota ukungu, ndipo wifi yako akaleta jiko la gesi. Nilimsema. Nilimsema mbele ya mumewe, nikadai futari ya gesi haina ladha na moto wake utatuchomea nyumba. Mvua iliponyesha siku ya tatu mfululizo nilichemsha magimbi kwa jiko lile lile, na adhana ilipolia yalikuwa yameshaiva na tui limekolea. Nikamwita nikamshukuru, na mumewe yupo pale pale, kwa kuwa na lawama nilimpa mumewe akisikia. Tangu siku ile tunapika pamoja na ananiambia mambo yake. Sikuwa namjua binti huyu, na ameishi kwangu miaka sita.

Mei redio ikatangaza kimbunga Hidaya kinakuja pwani. Tulilala wote chumbani kwangu, bibi yako katikati, tukisoma tunazozijua. Mungu alituepusha. Mabati unayoyaona kwenye picha ni ya pesa yako ya Agosti, nimenunua kumi na mawili, na upande wa jikoni hauvuji tena.

Mtoto alipozaliwa nilimkanda wifi yako siku arobaini kwa maji ya moto kama nilivyokukanda wewe, na uji wa pilipili manga haukukosekana. Bibi yako alikaa mlangoni akituelekeza. Shikilia kiuno, siyo hapo, chini. Yeye aliyesahau kama amekula alikuwa anajua kila nilipokosea.

Maana kusahau kwake kumezidi, na hili kwenye simu nimekuficha. Asubuhi nyingine ananijua, nyingine ananiita kwa jina la mama yake. Mwezi wa nane nilifagia chini ya kitanda chake nikakuta vipande tisa vya sabuni ya kufulia vimefungwa kwenye kipande cha kaniki, na kilo ya sukari iliyoganda ndani ya kikopo. Wifi yako alikuwa anajiuliza sabuni zinakwenda wapi. Mimi nilielewa nikakaa chini. Baada ya vita vya Amin tulipanga foleni duka la kaya tangu alfajiri, unarudi na nusu kipande cha sabuni au huna kitu. Mama yangu bado yuko kwenye foleni ile. Sabuni nilizirudisha zilipokuwa, na kila mwezi namwongezea kimoja ili moyo wake utulie.

Lakini vidole vyake havijasahau. Ukimwekea mapajani ukindu uliolowekwa, anasuka bila kuutazama, macho yako mtoni. Mwanao mdogo anakaa kati ya miguu yake na kazi yake ni kumpokeza chane, moja nyeupe, moja nyekundu, mbili nyeupe. Akikosea rangi, mkono wa bibi unasimama hewani unangoja. Hasemi kitu. Mtoto anaangalia, anaona kosa lake, anabadilisha, na mkono unaendelea. Ukili wao umeviringishwa sasa umekuwa mkubwa kama gurudumu la baiskeli. Siku moja nilisikia bibi yako akimwita "dada", akimuuliza kama wamefungia kuku. Mtoto akajibu wamefungia. Nikamvuta pembeni nimuulize mbona anaitikia jina lisilo lake. Akaniambia, "Leo mimi ni dada yake, Bibi. Jana nilikuwa wewe." Ana miaka mitano. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa Novemba, asubuhi. Nilijifunga kanga ya kutokea na kubeba kikapu, nilikuwa navuka kwenda sokoni Pangani. Maji ya mto yalikuwa mekundu, mvua imenyesha huko juu. Wifi yako alikuwa amempakata mtoto ukumbini. Bibi yako akainuka kwenye kiti akishika ukuta, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamweka begani vizuri kabisa, kisha akanitazama. Akasema, "Pantoni inafika. Nenda mwanangu, mtoto niachie mimi. Maziwa ya mbuzi yapo. Radhi yangu umeichukua, usigeuke nyuma."

Kikapu kilinidondoka.

Mtoto yule ni wa kaka yako, na kafanana naye kama alivyokuwa mchanga. Mama hakuwa anamwona mjukuu wa leo. Alikuwa amempakata kaka yako, na mbele yake nimesimama mimi wa miaka 24. Mwaka ule ni 1984, mwaka aliofariki Sokoine. Baba yenu alikuwa kibarua wa mkonge na kazi mashambani zilikuwa zinakatika. Mimi nikasikia kuna kibarua Tanga mjini, kwenye kiwanda cha kamba. Kaka yako alikuwa bado ananyonya. Mama alimchukua, tukashuka wote kivukoni alfajiri, akasimama pale kwenye mchanga na mtoto begani mpaka nilipofika ng'ambo. Nilikaa Tanga miaka miwili. Nilirudi kila Idd, na Idd ya kwanza kaka yako hakunijua, akakimbilia kwa bibi yake.

Haya yote nilikuwa nayajua, ila nilikuwa sijayaita kwa jina lake. Miaka 40 nimejihesabu mama ambaye hakuwahi kuacha mtoto. Nyumbani tulisema nilikwenda kutafuta, na kila aliyesema alisema kwa heshima. Safari yako ilipofika, safari ile ile, mimi nikaiita kutupa watoto. Wewe hukuwa na mume wa kukusaidia, na ada za madrasa, sare na dawa za bibi yako vilikuwa vinakusubiri wewe. Mama yangu alinipa radhi kabla sijaiomba. Mimi nilikunyima wewe umesimama mbele yangu na begi.

Nisamehe, mwanangu. Mzazi naye huomba msamaha, na mimi nauomba kwako. Na radhi yangu nakupa leo, yote, kuanzia siku ile ya Januari, uihesabu kama nilikuwepo kivukoni nimekushika mkono. Chakula unachokula huko kikujenge, jasho lako likuzalie heri, na kila mlango unaoufungua kwa watu uwe wa salama.

Mwanao mkubwa kafaulu darasa la saba, hilo unalijua, ila hujui kwamba siku ya kutoka majina alikwenda kwanza kwa bibi yake mkubwa akamwambia sikioni kabla hajatuambia sisi. Januari anaanza kidato cha kwanza. Sare nimeshapeleka kwa fundi, usitume pesa ya sare. Ukipata siku yako ya mapumziko, lala. Wewe ukipata Ijumaa unashinda kwenye simu na sisi, na sauti yako nasikia imechoka.

Kaka yako bado anafunga nondo kwenye daraja. Jioni akirudi anatusimulia nguzo zilipofikia, na mwanao mkubwa anachora kwenye daftari hili hili, ukigeuza ukurasa utaona. Anasema utakaporudi mwakani mkataba ukiisha utavuka kwa gari. Mimi nimemwambia, daraja liwe limekwisha au bado, siku hiyo mimi nitashuka chini pale pale kwenye pantoni kukungoja.

Bibi yako yuko hapa ubavuni, anasuka. Ameniuliza namwandikia nani, nikamtajia jina lako. Akafikiri. Akauliza, "Kishavuka?"

Nimemwambia kishavuka, mama, kafika salama. Akasema haya, akanyoosha mkono kwa mtoto apewe chane nyingine.

Mama yako