Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WIPO: Sura ya mteja na tangazo la mpiga picha

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO),
Geneva, Uswisi.

YAH: MATUMIZI YA PICHA ZA WATEJA KATIKA KUJITANGAZA KWA WAPIGA PICHA

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mpiga picha za watu, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta linawagusa wote wanaoshika kamera kwa malipo na wote wanaoketi mbele yake, na kwa sababu shirika lako ndilo linalosimamia mikataba ya kimataifa ambayo sheria za nchi nyingi kuhusu hakimiliki na alama za biashara zinajengwa juu yake. Mteja anapokuja kupigwa picha, analipa, anachukua nakala zake na kuondoka. Baadaye anaikuta sura yake kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya studio, au katika tangazo la kulipia kwenye mitandao ya kijamii, na anapouliza anajibiwa kwamba hakimiliki ni ya mpiga picha. Katika nchi nyingi jibu hilo ni sahihi, lakini halijibu alichouliza.

Hakimiliki hulinda ubunifu wa aliyeitengeneza picha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza hivyo mwaka 1884, ilipoamua kesi ya Napoleon Sarony, aliyempiga picha mwandishi Oscar Wilde miaka miwili kabla na kisha akaishtaki kampuni ya uchapaji iliyotoa nakala 85,000 za picha hiyo bila ruhusa yake. Majaji walisema kwamba Sarony alikuwa mtunzi kwa kuwa ndiye aliyempanga Wilde alivyokaa, akachagua mavazi na mapazia, akauongoza mwanga. Naiheshimu hukumu hiyo, maana bila ya mawazo yake fundi wa picha angehesabiwa kuwa mbonyeza kitufe tu. Hata hivyo Wilde mwenyewe hakuwa upande wowote katika shauri hilo. Mahakama iliulizwa nani mwenye kazi, wala haikuulizwa mwenye sura ana neno gani kuhusu mahali sura yake itakapobandikwa.

Swali hilo la pili liliulizwa Uingereza mwaka 1888. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepigwa picha kwa malipo aligundua kwamba studio ileile imeigeuza picha yake kuwa kadi ya Krismasi na kuiweka mbele ya wateja. Jaji alitoa amri ya zuio, na hoja zake zilikuwa mbili: mkataba wa kupiga picha una sharti lisiloandikwa kwamba nakala ni kwa ajili ya mteja, na kuitumia picha kwa namna nyingine ni kuvunja uaminifu. Suala lililokuwa mbele yake lilitaja waziwazi kuionyesha picha hadharani kwa njia ya tangazo. Kwa hiyo mgogoro huu ulikuwapo karibu karne moja kabla ya intaneti, na ulikwisha kupata jibu lenye busara, ila jibu hilo halikuingia katika mkataba wowote wa kimataifa.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, unazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa, na kwa muda mrefu uliziruhusu nchi kuzipa ulinzi wa miaka 25 tu tangu zilipotengenezwa, mpaka Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 ulipoziondolea unyonge huo kwa nchi zilizouridhia. Hayo ni manufaa makubwa kwetu. Lakini Mkataba wa Berne hausemi nani mwenye hakimiliki ya picha iliyoagizwa na mteja, wala haumpi aliyepigwa picha haki yoyote, na kila nchi imeliziba pengo hilo kwa namna yake. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1907, baada ya wapiga picha wawili kuingia kwa siri na kuupiga picha mwili wa marehemu Bismarck, aliyekuwa kansela wa nchi hiyo, mwaka 1898. Sheria hiyo inataka ridhaa ya mwenye sura kabla ya picha yake kusambazwa au kuonyeshwa hadharani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, ilimpa mpiga picha hakimiliki ya picha zilizoagizwa, lakini ikambakizia aliyeagiza picha kwa matumizi binafsi au ya nyumbani haki ya kuzuia isitolewe kwa umma. Australia ilipofanya marekebisho yake mwaka 1998 iliamua kwamba picha iliyoagizwa kwa matumizi ya namna hiyo ni mali ya mteja, labda wakubaliane vinginevyo.

Sheria ninayoiona kuwa karibu zaidi na maisha ya studio ni ya jimbo la New York. Sheria hiyo, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1903, inakataza sura ya mtu aliye hai kutumiwa kwa matangazo au biashara bila ridhaa yake ya maandishi, kisha inampa mpiga picha nafasi yake: anaweza kuonyesha sampuli za kazi zake ndani ya studio au jirani nayo, mpaka mhusika atakapompa taarifa ya maandishi ya kukataa. Nampongeza aliyeandika kifungu hicho, kwani alijua kwamba mpiga picha asiye na kazi za kuonyesha hapati mteja, na alijua pia kwamba mteja ana haki ya kusema basi. Tatizo ni kwamba kifungu hicho kinafikiria kabati la vioo mlangoni pa studio. Picha iliyo kwenye kabati huondolewa kwa mkono mmoja siku ileile taarifa inapofika. Picha iliyopandishwa mtandaoni huwa imeshanakiliwa, imeshasambazwa, na imeshaonekana na watu ambao mteja hakuwahi kuwafikiria, wakiwamo mwajiri wake na mwenzi waliyeachana.

Upande wa alama za biashara nao una utata wake, na hapa wenzangu wengi wanaogopa kisichostahili kuogopwa na kukipuuza kinachostahili. Mteja akiketi akiwa amevaa fulana yenye nembo ya kampuni ya viatu, nembo hiyo kuonekana tu katika picha hakumfanyi mpiga picha kuwa mvunja sheria, kwa kuwa kazi ya alama ya biashara ni kuonyesha chanzo cha bidhaa au huduma. Hatari inaanza pale picha hiyo inapowekwa kwenye tangazo la studio, chini yake yakaandikwa maneno kama "wanaotuamini", hata msomaji akadhani kampuni hiyo ni mteja wetu au mdhamini wetu. Ridhaa ya aliyevaa fulana haitoshi hapo, kwa sababu hawezi kutoa ruhusa ya kitu kisicho chake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni studio kuichukua sura ya mteja na kuifanya nembo yake yenyewe. Kuandika jina langu pembeni mwa picha ni haki yangu, na Mkataba wa Berne unailinda haki ya mtunzi kutajwa. Kusajili uso wa mtu kuwa alama ya huduma zangu ni jambo jingine kabisa, kwani hakimiliki ina ukomo wake, ilhali usajili wa alama ya biashara unaweza kuhuishwa tena na tena bila mwisho. Sheria ya alama za biashara ya Marekani ya mwaka 1946 inakataa kusajili alama yenye picha ya mtu aliye hai na anayetambulika bila ridhaa yake ya maandishi. Sioni sababu ya sharti hilo kuwa jambo la hiari mahali pengine popote.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, siombi mkataba mpya, maana najua majadiliano ya namna hiyo huchukua miaka mingi. Naomba shirika lako liandae fomu ya mfano ya ridhaa, kwa lugha nyepesi na kwa lugha nyingi, ambayo chama cha wapiga picha au studio ya mtu mmoja inaweza kuitumia bila wakili. Katika fomu hiyo, ruhusa ya kujitangaza isifichwe ndani ya kifungu cha hakimiliki chenye maandishi madogo, ambacho mteja hukitia saini huku ameshavaa na taa zimeshawashwa. Isimame peke yake, na mteja aweze kukubali picha itundikwe ukutani mwa studio bila kukubali iwekwe kwenye tovuti, au akubali tovuti na akatae matangazo ya kulipia na mashindano. Kukataa kusimpandishie bei. Na iandikwe namna ya kuiondoa ruhusa hiyo baadaye, pamoja na muda ambao mpiga picha anapewa kuishusha picha, tena kwa uaminifu wa kueleza kwamba nakala zilizokwishasambaa kwa watu wengine huenda zisirudi. Kwa watoto, nashauri ruhusa ya mzazi iwe na kikomo, kisha mtoto aulizwe mwenyewe atakapofikia utu uzima.

Naomba pia Kamati ya Kudumu ya Hakimiliki na Haki Shiriki ipewe kazi ya kulinganisha sheria za nchi wanachama kuhusu picha zilizoagizwa, kwa sababu mpiga picha wa leo anaweza kuwa nchi moja, mteja nchi nyingine na tovuti ikahifadhiwa nchi ya tatu. Suala la sura za watu walio hai kusajiliwa kuwa nembo lipelekwe kwenye kamati yenu inayoshughulikia sheria ya alama za biashara.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba ninawafungia riziki. Nimewasikiliza, na jibu langu ni kwamba mteja aliyeulizwa vizuri mara nyingi hukubali, na picha iliyotolewa kwa moyo mweupe naweza kuitumia bila kuhofia barua ya wakili.

Nitashukuru ofisi yako ikijibu hadharani ni kamati ipi itakayolipokea ombi hili, na katika kikao kipi.

Wako mtiifu,

Mpiga picha za watu