Foleni ya pantoni ndiyo makumbusho yetu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu aliyeiita Pangani, mji wetu wa mdomoni mwa Mto Pangani, "mji uliosahaulika" katika habari yake ya barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo. Habari yenyewe nzuri, sina ugomvi nayo, na daraja litakalochukua nafasi ya pantoni tunalitaka. Aliyewahi kuuguliwa usiku akiwa Bweni, upande wa kusini wa mto, na hospitali iko ng'ambo, hahitaji kuelezwa faida ya daraja. Ila hilo neno "uliosahaulika" limenikaa kooni. Umesahauliwa na nani?

Mimi nauza vitumbua na chai kivukoni, upande wa Bweni, huu mwaka wa 19. Mtu anayesubiri pantoni hana la kufanya. Anashuka garini, ananyoosha miguu, anakaa kwenye benchi langu, akishaonja kitumbua anaanza kuuliza. Mama, mto huu unatoka wapi? Yale majumba ya ng'ambo ni ya nani? Nimejibu maswali hayo mpaka nimejikuta mwalimu bila cheti, na pale nilipokwama niliwafuata wazee na wanaosoma vitabu, nikarudi na jibu.

Siku moja alikaa baba mmoja wa Moshi. Nikamwambia maji anayoyatazama ni ya kwao. Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa na Ruvu zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto unashuka ukiacha milima ya Upare na Usambara mkono wa kushoto, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale na chini yake, ndipo unatufikia sisi umechoka, rangi ya chai ya maziwa. Yule baba akanyamaza, akatazama mto, akasema, "Kumbe nilikuwa nanawa maji yenu." Nikamwambia na sisi tunayasubiri, maana kadiri yanavyotumika mashambani huko juu ndivyo bahari inavyopanda mtoni huku chini. Bamvua likija, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, chumvi inaingia mpaka kwenye mashamba ya watu, na mnazi uliozoea maji baridi unaanza kunyauka kichwa.

Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, wengi wanamjua kwa jina, kwa kuwa hata kata tunayo, Kata ya Bushiri. Wanajua alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwanzo wa mambo ndio hawaujui. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alishuka Pangani akataka bendera ya kampuni ipandishwe na mamlaka ya liwali wa Sultani wa Unguja yafike mwisho. Muda si muda mrima wote, yaani pwani yetu hii, ukawaka, na Bwana Heri akawa anapigana kwake Saadani, huko huko itakakopita lami hii mpya. Abushiri akashindwa. Lakini Zelewski naye hakufika mbali: Agosti 1891 aliuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo ya Iringa. Abiria wa Iringa nikimfikisha hapo, ninamwona anaagiza kitumbua cha pili.

Kuna kijana alinikasirikia, na bado namkumbuka. Nilimweleza kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya bonde hili ililimwa na watumwa. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia ya misafara kutoka Kilimanjaro na Umasaini, na watu nao walishushwa. Kijana alitaka shujaa asiye na doa. Mimi sina wa kumpa. Ninao watu waliopigana na mgeni mwenye bendera, na wengine waliokuwa wakimenya miwa juani huku mabwana zao wakipigana, na wote ni wa Pangani.

Sasa Kikogwe. Hapo ndipo damu yangu inapochemka, kwa sababu ni upande wetu wa kusini na magari yanapita hayajui. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa kampuni ileile ya Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitishwa Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo ndiyo yakatoka mashamba yote unayoyaona ukienda Muheza, Korogwe, mpaka Morogoro, na kufika 1964 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyotuzidi. Watoto wa shule wanaambiwa Tanga ni mkoa wa mkonge. Ulianzia wapi? Hapo hawaambiwi.

Mkonge huo ndio ulioleta babu yangu. Alitoka Songea akiwa manamba, kama walivyoitwa vibarua wa mkataba, na hakurudi tena. Bibi, Mzigua wa huku, alikuwa ameifunga kadi ya mwisho ya kipande ya babu kwenye pindo la kanga kuukuu. Nimeishika kwa mkono wangu: karatasi ngumu iliyogeuka rangi ya udongo, visanduku 30 vya siku za kazi, 21 vimewekwa alama. Mshahara ulitoka zikitimia zote. Siku 9 zilizobaki hakuna aliyewahi kuniambia zilikwenda wapi, ila babu alibaki na kigongo mpaka anakufa. Hivyo mimi ni Mngoni nisiyejua hata salamu ya Kingoni, na jirani zangu ni Wamakonde, Waha, Wabondei, Wasegeju, Wadigo. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu 54,025 wilaya nzima. Kwa watu wachache hivyo, kujua nani alitoka wapi si kazi; inatosha kukaa kivukoni.

Na Maziwe nisiipite. Mtalii akiulizia kisiwa huoneshwa fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Wazee wetu walikijua kikiwa kisiwa kweli, kina mivinje, na kasa wanapanda kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Miti ilikatwa, bahari ikala kilichobaki.

Ninachotaka kusema, mhariri, ni kwamba foleni ya pantoni ndiyo imekuwa makumbusho yetu. Hatukujenga nyingine. Daraja likifunguliwa, basi la Dar es Salaam kwenda Tanga litapita juu ya mto kwa dakika moja, na abiria ataona maji ya rangi ya chai asijue ni ya Kilimanjaro. Ndipo kweli tutasahaulika, na hatutasahauliwa na nchi peke yake, hata wajukuu zetu watakaopanda mabasi hayo watapita vivyo hivyo.

Kwa hiyo wanaoandika vibao vya barabara hii wasituwekee "Karibu Pangani" tupu. Pale Kikogwe waandike 1893 na miche 62. Kwenye daraja waandike mto unatoka wapi. Na waache uwanja wa kuegesha kabla ya daraja, wenye kivuli, mtu ashuke anyooshe miguu. Sisemi haya kwa ajili ya biashara yangu tu, ingawa na biashara imo, siwezi kukuficha. Halmashauri ikisema haina fedha za kibao cha Kikogwe, mbao ninayo, ya mlango wa zamani, na mwanangu ana mwandiko mzuri.

Mwandishi wenu akipita tena kabla daraja halijafunguliwa, apande pantoni, asilale garini. Nipo upande wa Bweni, chini ya mti wa mkungu, na vitumbua vinakuwa vya moto mpaka saa tatu asubuhi.

Mama wa Vitumbua,
Bweni, Pangani