Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kifaranga Huanza Kujifunza Akiwa Ndani ya Yai

Ndugu wanachama, kamwene.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Ratiba ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, mnayo: tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, wala asiwepo wa kuruka zamu. Mimi naomba nizungumzie zaidi jambo lililobadili macho yangu mwaka huu, ingawa nimefuga kuku tangu nikiwa shule ya msingi.

Mwezi Julai tuliwatoa nje vifaranga wa mashine yetu ya kuangulia mayai kule Tanangozi, wakachanganyika na wa mtetea aliyeatamia kwenye kapu nyumbani kwa mama mmoja mwanachama. Mwewe akapita. Wa mtetea walizama kwenye mabua ya mahindi kabla sijainua kichwa. Wa mashine waliendelea kudonoa, na mmoja akachukuliwa mbele yangu. Najua mtetea aliwapigia wanawe kelele ya hatari, na hilo lilisaidia sana. Lakini wale wetu hata kuangalia juu hawakuangalia, na jambo hilo lilininyima usingizi hadi nikaanza kuulizauliza.

Jibu moja nililipata kwenye kazi ya mtafiti wa Australia, Lesley Rogers, aliyeanza kuchunguza ubongo wa kifaranga miaka mingi iliyopita. Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga hujikunja ndani ya yai akiwa amegeuza kichwa: jicho la kushoto linabanwa na mwili wake, la kulia linaelekea kwenye ganda. Mwanga ukipenya ganda, unalifikia la kulia. Mishipa ya jicho hilo huvuka kwenda upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo pande mbili za ubongo hukua zikigawana kazi. Upande wa kushoto unakuwa hodari wa kutofautisha punje na kokoto, wa kulia unakaa lindo. Kifaranga wa namna hiyo anakula huku jicho la kushoto likichunga anga. Walioanguliwa kwenye giza tupu, wakipewa kazi zote mbili kwa pamoja, hulemewa.

Sasa fikirieni mtetea. Kila siku anainuka kidogo, anakula, anakunywa, na mayai yanabaki wazi yakipigwa na mwanga. Mashine yetu ilikuwa sanduku la giza kwa siku zote 21.

Tangu Septemba, siku ya 18 tukishaacha kugeuza mayai, tunawasha taa ndogo ndani ya mashine kwa saa kadhaa mchana. Anayekuwa zamu achunge kipimajoto, maana taa nayo inapasha, na joto likipanda tutapoteza kila kitu. Sidai kwamba tumemshinda mwewe. Kwa wanaofuga kuku wa nyama bandani, taa hii haina haraka. Kwa kuku wa kienyeji na chotara wanaojitafutia nje, naona inafaa kuendelea.

Siku ya 20 ya awamu ya kwanza niliweka yai sikioni. Kulikuwa na mlio mwembamba ndani, na yai la pembeni likajibu. Mama mwenye kapu akainama, akaita kama mtetea, ko, ko, ko. Mlio ukakatika, kisha ukarudi kwa nguvu zaidi. Tulisimama pale tukasahau chai.

Siku mbili tatu baada ya kuanguliwa nazo ni za thamani. Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, ndiye aliyelitangaza sana jambo hili: makinda wa bata bukini humfuata yeyote wanayemwona kwanza akitembea. Vifaranga wa kuku nao wako hivyo. Pia hutazama mama anadonoa wapi, wakadonoa hapohapo. Wa mashine hawana mama, basi ukiwaingiza kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, gonga kidole kwenye sahani ya chakula. Watakuja mbio.

Kuhusu kudonoana: mabanda mawili yalipata shida, na wanachama wakaniomba ruhusa ya kukata midomo. Nilikataa na bado nakataa. Mdomo wa kuku umejaa mishipa ya fahamu, na maumivu yake hayaishi siku ile ya kukata. Tulipunguza msongamano, tukamwaga maranda makavu ili wachakure na kuoga vumbi, tukaning'iniza mafungu ya mchicha. Banda moja lilitulia kabisa, la pili bado linahitaji kuangaliwa, hasa chakula chake.

Jambo linaloniuma ni safari. Kuku hana kiwambo kinachotenga mapafu na tumbo kama sisi, hivyo ukimning'iniza kichwa chini, matumbo yanamkandamiza anapovuta pumzi. Wala hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Tenga lililojazwa alfajiri Ipogolo, hapa Iringa, kukiwa na baridi linateremka mlima Kitonga, na likifika Ruaha Mbuyuni kule bondeni limeshakuwa tanuri. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo haikumsahau kuku.

Naleta hoja mbili mkutanoni: kununua matenga mapana zaidi kwa mfuko wa chama, na kutopokea kuku aliyeletwa amefungwa miguu na kuning'inizwa kwenye pikipiki. Anayepinga aje, tutamsikiliza.